Pua ya Ukoo

4 Februari

Wifi yangu,

Dereva wa lori anaondoka alfajiri, na ameniahidi atakutia barua hii mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine. Natumaini hamjambo huko, na binti yako, Bi Harusi wetu, anaendelea vizuri na matayarisho yake. Sisi hatujambo ya mdomoni tu. Ndugu yako amelazwa.

Utauliza kwa nini sikukuambia mapema. Tuliambiwa ni kifua kikuu, akameza dawa mpaka zikaisha, na kikohozi kikabaki palepale. Wakamwanzishia tena. Makohozi yake wameyapima na kuyapima na mdudu wa kifua kikuu hawamwoni. Juzi akatema damu mle ghalani, juu ya magunia tuliyokwisha kuyashona. Kabla sijamfikia alikuwa ameshaligeuza gunia la juu ili nisione. Unamjua mwenyewe.

Hospitali kubwa wamempiga picha nyingine ya kifua, ile ya kuingizwa ndani ya mashine. Pafu la kulia lina shimo, na ndani ya shimo kuna donge. Daktari wa mapafu, mama mmoja mpole asiyecheka, ameniambia donge lile ni kuvu. Ukungu, wifi, ndugu yake ule wa mkate uliosahaulika kabatini. Anasema vumbi la magunia makuukuu limejaa mbegu zake na hazionekani kwa macho.

Kinachomsumbua daktari ni kimoja. Ghala moja, vumbi moja, washonaji wote tunalivuta; mbona anaugua yeye peke yake? Akaniuliza habari za wazazi. Nikamwambia baba mkwe alikufa akikohoa, na mdogo wake vilevile. Akasema huenda ni jambo la kurithi, kwamba kinga ya mwili wao haijui kupambana na kuvu. Ili ahakikishe anaomba damu ya ndugu wa tumbo moja, na mume wangu hana mwingine ila wewe. Ni kichupa kidogo tu. Hata hospitali ya huko kwenu wanaweza kuitoa wakaituma.

Neno la mwisho. Nimemkataza mwanangu Chiriku kunusa magunia. Amenuna, hasemi na mimi, na kwa mtoto aliyepewa jina lile kwa kusema kwake, nyumba imekuwa kimya mno.

Wifi yako,
Mshona magunia


11 Februari

Wifi,

Barua yako imefika. Nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena, maana kuna maneno humo hayakukaa vizuri.

Unauliza mbona anaugua yeye peke yake. Na mimi nakuuliza hilohilo kwa mlango wa nyuma: mbona wewe huugui? Umeingia ghala lile ukiwa bibi harusi, leo una mtoto mkubwa, na sijasikia hata siku moja kwamba umepiga chafya. Ndugu yangu amebaki mifupa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakusema kwa kubahatisha.

Halafu unaniambia umemkataza Chiriku. Kwa amri ya nani? Wewe ulikuja ukakuta kazi imesimama. Marehemu baba alitufundisha mimi na ndugu yako tungali wadogo: ingiza kichwa ndani ya gunia mpaka mabegani, vuta pumzi ndefu, kisha sema lilibeba nini. Sukari, mbolea, mbegu iliyotiwa sumu. Gunia la mbolea likiuzwa kwa mwenye unga, watu watakufa. Wateja hawaji kwetu kwa sababu ya mshono wako mzuri, samahani. Wanakuja kwa sababu pua yetu haijawahi kukosea. Wewe hukufundishwa kwa kuwa pua haiolewi, mtu huzaliwa nayo. Sasa pua moja iko kitandani na nyingine umeiziba. Kesho nani atasema lipi ni lipi? Au ndugu zako wameshajiandaa?

Damu yangu unaitaka ya nini? Damu si chumvi ya kuombana jirani kwa jirani. Sitoi.

Wala usinipigie simu. Simu ya nyumba hii hushikwa na kila mkono, na kuna posa humu ndani. Andika.

Mimi,
Wifi yako mkubwa


11 Februari

Mdogo wangu,

Hii nimemwambia dereva akupe mwenyewe, mkeo asiione. Nimeificha ndani ya pakiti ya sabuni, kwa hiyo ukisikia inanukia usidhani dada yako ameanza anasa uzeeni.

Sikiliza, na usibishe. Chochote kinachotoka mkononi mwake usikimeze. Chakula kula cha hospitali. Dawa, kama anakuletea yeye, usimeze. Kwanza walisema kifua kikuu, sasa wanasema ukungu, kesho watasema nini? Na katikati ya hayo yote nani alikuwa anakupa vidonge kwa mkono wake? Mtu aliyekuwa mzima akiwa chini ya paa la mama yake, akaoa nje, akaanza kukohoa. Mimi sisemi. Nahesabu tu.

Nilikuambia wakati ule, kulikuwa na binti wa mjomba, na ukacheka.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema. Usinifie.

Dada


20 Februari

Dada,

Wodi hii ina wagonjwa wengi na mwoga mmoja tu, ndiye mimi. Jirani yangu wa kitanda anakoroma hata akiwa macho. Nesi wa asubuhi ana mikono ya baridi kama samaki, wa jioni ana maneno ya baridi zaidi. Basi ndiyo habari za hotelini kwangu.

Sabuni imenukia. Barua nimeisoma, na nitakuambia ukweli kwa kuwa wewe sijawahi kuweza kukudanganya: nilitaka kukasirika, nikashindwa. Kuna mambo nimeyaona. Aliniomba funguo za ghala, nikamwambia sijui zilipo, na huku nimezilalia. Kisha dereva akanipasha kwamba shemeji yangu, yule seremala, ameonekana nje ya ghala akipima ukuta kwa futi yake. Mtu apime ukuta usio wake kwa nini?

Akija hapa ananishika mkono na kunitazama. Zamani ningesema ni mapenzi. Tangu nisome barua yako, naona kama ananipima jeneza.

Dawa anazichukua dirishani kwao, ananiletea, na anasimama mpaka nimeze. Mimi nazibana chini ya ulimi. Akigeuka kumimina maji, nazitia ndani ya soksi iliyo chini ya godoro. Nimekutii. Tulipokuwa wadogo uliniambia nisile maembe mabichi, nami nikala nikaugua. Safari hii nimesikia.

Daktari aliniuliza kama baba na mama walikuwa na udugu. Nikasema ndiyo, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, na babu na bibi vivyo hivyo, ili pua isitoke nje. Akaandika bila kuinua macho. Sijui kwa nini swali lile lilinitia baridi.

Usiku nahisi kama nimeingia ndani ya gunia na mtu amelifunga mdomo.

Mdogo wako,
Pua


1 Machi

Wifi,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi. Hali yake imerudi nyuma. Daktari haelewi. Anasema dawa ya kuvu, kwa kiasi anachopewa, ilipaswa kuwa imeanza kazi, na akipima damu yake anaona kama hajawahi kuimeza. Anawaza kumpasua, lakini kwa hali ile anaogopa atamfia mezani.

Na mume wangu chakula changu hataki. Supu niliyompikia kwa mikono hii aliikataa akageukia ukutani. Miaka yote alikuwa analamba sufuria, leo ananitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Kuna mtu anamnong'oneza, wifi. Sisemi nani. Ila sabuni alizoletewa zina harufu isiyouzwa madukani kwetu.

Umeuliza mbona siugui. Nimemuuliza daktari hivyohivyo, kwa maneno yako, maana yaliniuma nikataka jibu. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha vitabuni, nami nikakitafsiri kwa kazi yetu. Gunia zuri lina mishono miwili, sivyo? Mstari wa kwanza na mstari wa pili kando yake. Basi kila jeni la mwili mtu hupewa mara mbili, moja na baba, moja na mama. Jeni linaloifundisha damu kuitambua kuvu na kuishambulia nalo ni hivyo. Mstari mmoja ukirukwa, wa pili unashika, na mtu anaishi bila hata kujua. Ikirukwa yote miwili mahali pamoja, hapo pana tundu. Gunia hilo litabeba mahindi, litabeba maharage, watu watalisifia. Tia unga, unamwagika. Ndugu yako hapati mafua, jeraha lake hupona upesi kuliko langu. Ni kuvu tu inayopita.

Na watu wa ukoo mmoja wakioana kizazi baada ya kizazi, mstari uliorukwa kwa babu hukutana na mwenzake. Si uchawi, na si mimi.

Kunusa kwenu ndiko kunakoimimina kuvu kifuani kwa ndoo. Mimi nashona nikiwa nimekaa mlangoni kwenye upepo kwa sababu hamkunipa ruhusa ya kuingiza kichwa. Kwa mara ya kwanza nashukuru kudharauliwa.

Ndugu yangu seremala alikuja kupima ukuta ili atoboe madirisha, hewa ipite. Nakuambia kabla hujaambiwa.

Damu, wifi. Nakuomba. Wamechukua na ya Chiriku, majibu yanachelewa. Nikilala naota mtoto anageuza gunia ili nisione.

Wifi yako


9 Machi

Wifi,

Madirisha! Mtu yuko kitandani, ninyi mnatoboa nyumba ya baba yake. Hata mwizi husubiri watu walale.

Hadithi ya mishono nimeisoma. Ni nzuri, imepambwa. Kwamba wazazi wangu, kwa kuoana vizuri wakijuana, ndio wanaomuua mtoto wao, na wewe uliyetoka usikojulikana ndiye mzima, ndiye dawa. Huyo daktari mpole asiyecheka ni wa kwenu nini?

Sasa nikuambie wazi kwa nini sitoi damu, ili usirudie. Binti yangu anaolewa na mtoto wa baba yake mkubwa. Nyumba mbili zimekubaliana, nguo zimekatwa, watu wamealikwa. Nikionekana kwenye foleni ya kupimwa damu ya kurithi, kufikia jioni mji mzima utasema ukoo huu una kifua. Nina binti wengine wawili nyuma yake. Nani atawaposa? Mimi mwenyewe niliolewa humuhumu ukooni. Damu yetu, ukiacha kwako wewe, haijawahi kutoka nje, ndiyo maana pua yetu haijapotea, na haitapotea kwa kalamu yako.

Bi Harusi mwenyewe ndiye pua ya huku. Magunia yote matupu ninayonunua kwenye viwanda vya unga na kuwapakilia ninyi yamepita puani mwake kwanza, tangu akiwa mdogo kama Chiriku. Akikohoa anakohoa vumbi, akinywa maji ya moto kikohozi kinakwisha. Mwangalie alivyo mrembo halafu uniambie kuna tundu wapi.

Mwambie mdogo wangu nakuja baada ya harusi.

Wifi yako mkubwa


2 Aprili

Wifi,

Ulikuja kabla ya harusi.

Sikupata nafasi ya kusema nawe, nyumba ilikuwa imejaa watu. Acha niseme sasa. Ulilia mpaka wanawake wakakushika, na najua kilio kile kilikuwa cha kweli. Lakini muda wote wa msiba hukula chakula cha nyumba yangu. Hukunywa hata maji. Ulikuwa na mkate kwenye mkoba, ukaumega umekaa pembeni umetazama ukuta, na Bi Harusi ukampa kipande chake. Watu wote waliona. Jirani zangu, ambao nilisuka nao na kuzaa nao, tangu siku ile wakija kwangu wanasema wameshiba.

Siku zake za mwisho, nilipokuwa nakung'uta godoro lake la hospitali nilikuta soksi. Nzito. Nikaifungua nikaona vidonge vyote, vile nilivyokuwa napanga foleni asubuhi kuvichukua, vingine vimeyeyuka nusu. Nilikaa chini, wifi. Niliketi pale sakafuni mpaka nesi akaja kuniinua.

Nilimuuliza. Alikuwa bado na sauti kidogo. Akaniambia ni nani aliyemwambia na kwa nini alikubali, akalia, akaomba nimletee supu. Nikaleta. Alikunywa vijiko kadhaa na kusema imezidi chumvi, akacheka, na cheko lile likamletea damu. Hiyo ndiyo habari ya kifo cha ndugu yako. Hapakuwa na mwingine chumbani ila mimi, na kwa kuwa huniamini, sina shahidi.

Sasa majibu. Ya kwake: mistari yote miwili imerukwa, mahali pamoja, kama daktari alivyodhani. Ya Chiriku: mstari wa baba yake umerukwa. Wa pili ni mzima. Wa pili ni wangu. Ile damu ya nje uliyoitukana ndiyo inayomshikilia mtoto wa ndugu yako.

Nisingekuandikia tena maishani. Naandika kwa sababu moja. Siku ya pili ya msiba nilipita nyuma ya mlango wa chumba mlicholala, nikamsikia Bi Harusi akikohoa, amejiziba kwa mto. Nakijua kikohozi kile. Nimelala nacho kitanda kimoja. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpeleke.

Mjane wa ndugu yako


30 Mei

Wifi yangu,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Dereva ameniambia leo nisipompa anaondoka, basi nampa kama ilivyo.

Nilimpeleka. Nilimwambia mume wangu tunakwenda kununua magunia. Walichukua damu yake, na nesi alipotaka kuondoka nikakunja mkono wa gauni langu nikamwambia na yangu. Majibu yamerudi. Binti yangu, mistari yote miwili. Mimi vilevile. Daktari wa huku aliniuliza nimefikaje umri huu bila kuugua sana. Nikamjibu kwamba nilipoolewa niliacha kunusa. Akauliza nani aliendelea badala yangu. Wifi, binti yangu mwenyewe alikuwa amekaa pale kando yangu, na kucha zake zimeshapakwa hina ya majaribio.

Kuvu imeanza kifuani mwake. Haijachimba shimo. Wanasema akianza dawa sasa na asikose hata siku moja, ana nafasi nzuri. Dawa zenyewe huku hazipo, ziko hospitali kubwa ya kwenu.

Harusi nimeivunja mimi. Mchumba alikataa kupimwa, na baba yake akaniuliza kama nimerogwa na wifi yangu. Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta maneno yake ni yangu, hata mpangilio. Mume wangu hasemi na mimi. Mabinti wengine wananipita ukumbini kama kiti. Nimeivuruga nyumba nzima na bado naona nimechelewa.

Soksi ile sitaki kuisema. Nalala nayo. Mdogo wangu alinitii, na nilitaka anitii. Usinijibu juu ya hilo.

Nakuomba umpokee mwanangu. Nilikuambia pua haiolewi. Basi iishie hapa, usimruhusu hata kukanyaga ghalani. Mlaze chumba kimoja na Chiriku. Na chakula chake usimpe mtu mwingine apike. Mpikie wewe, kwa mkono wako.

Sina haki ya kuomba. Ila sina mwingine ninayemwamini.

Wifi yako


8 Juni

Wifi,

Amefika. Dereva alimshusha mlangoni na sanduku lake, na Chiriku amemkamata hajamwachia, anamsimulia mambo ya dunia nzima. Kimya cha nyumba hii kimevunjika.

Sijakusamehe. Naandika hivyo ili usije ukasoma barua hii ukadhani mengine. Kuna asubuhi nafungua ghala, mwanga unaingia kwa yale madirisha, na nakuchukia mpaka sindano ya shazia inanidondoka. Magunia sasa tunayakung'utia nje, tumefunga vitambaa usoni, na tunanunua kwa wenye viwanda wanaotuambia wenyewe walitia nini. Yasiyojulikana tunachoma. Wateja wengine wameondoka. Waende.

Daktari amempokea vizuri. Alimwangalia, akaangalia picha yake, na kwa mara ya kwanza nikaona anatabasamu kidogo.

Siku aliyofika alikataa kula. Alisema ameshiba ya safarini. Ndani ya mkoba wake niliona mkate umefungwa kitambaa, na fundo la kitambaa nililitambua. Niliuacha humohumo. Huenda ulimfungia kwa mazoea tu, mikono ina akili yake. Kesho yake mchana nikapakua sahani moja, nikakaa mbele yake, nikala mimi kwanza, upande huu na upande ule na katikati, kisha nikamsukumia. Chiriku akachomeka kijiko chake bila kualikwa. Mwanao akatutazama. Akala. Akasema imezidi chumvi, nikatoka nje kidogo, nikarudi.

Dawa anameza mbele yangu, na akishameza namwambia afungue mdomo ainue ulimi. Jana alicheka, akaniuliza, "Mke wa mjomba, kwani huniamini?" Nikamwambia sikuamini hata kidogo, inua. Akainua.

Wifi yako